Pumzi Nyuma ya Pazia

Watu walimwita Mizani, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata miaka yake ya mwanzo ya kufundisha muziki, siku alipokataa kumwongezea alama mtoto wa mkuu wa shule. Mkuu alimwita ofisini, mlango ukafungwa, wakazungumza. Ulipofunguliwa, mkuu alikuwa amekunja uso na alama zilikuwa zilezile. Tangu siku hiyo habari ile ilimtangulia kila alikokwenda, na pale isipomtangulia aliisimulia mwenyewe.

Jina zuri ni kama shati jeupe. Aliyelivaa hapati raha. Kila mara anajitazama kifuani kama limeingia doa. Mizani alijitazama sana. Mezani aligawa vipande vya nyama kwa uangalifu wa mtu anayegawa urithi, hadi mkewe akamwambia kwamba hiyo ni sahani ya mchuzi, si mahakama. Dukani alirudisha chenji iliyozidi hata ikiwa sarafu moja, tena kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Si kwamba alijifanya. Alikuwa mwaminifu kweli, ila alipenda uaminifu wake uwe na mashahidi.

Aliyeumia zaidi alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Mungu alikuwa amempa sauti, naye baba yake alikuwa mwalimu wa sauti. Watu wakasema huyo kazaliwa kwenye ghala la mahindi, hatakufa njaa. Hawakujua mambo ya ndani. Binti alipoimba vizuri, baba yake alisema nota ya tatu ilishuka kidogo. Alipoimba vizuri zaidi, alisema leo haikushuka, akarudi kwenye gazeti lake. Wanafunzi wa watu wengine aliwapigia makofi. Wa kwake hakumsifu hata mara moja, kwa sababu aliamini kwamba kumsifu mwanao ndiyo rushwa ya kwanza mtu anayoila duniani, na anailia nyumbani kwake. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ilimdanganya kwa urahisi.

Kila mwaka katika mji wao kulifanyika shindano la vijana waimbaji wa klasiki, uimbaji ule wa kusoma nota, usiotumia kipaza sauti, ambapo mwimbaji hutakiwa aitume sauti yake mwenyewe hadi ukuta wa nyuma wa ukumbi. Mshindi alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha muziki, gharama zote zikiwa zimelipwa. Nafasi ilikuwa moja tu. Wa pili alipata cheti na kupeana mkono na mgeni rasmi.

Mizani alikuwa mwenyekiti wa majaji. Wenzake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwembamba aliyestaafu kusahihisha mitihani ya muziki, ambaye vijana walimwita Bibi Nota kwa sababu hakuna nota iliyowahi kumpita bila kumsalimia. Wa pili alikuwa mhadhiri wa chuo, mtu mnene na mpole, aliyekuwa na mazoea ya kusikiliza akiwa amefumba macho. Wasiomjua walidhani analala, na wanaomjua walikuwa na hakika.

Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakinong'ona kwamba kila jaji anawabeba wanafunzi wake. Mizani ndiye aliyeleta dawa. Alitaka pazia zito litundikwe kati ya majaji na jukwaa. Waimbaji wapite peku juu ya zulia, ili mlio wa kiatu usimtambulishe mtu. Wasisalimie, wasikohoe ikiwezekana, na msimamizi asome namba tu. Jaji atoe maoni yake kwa sauti kupitia pazia, ukumbi usikie, kisha aandike alama. Bibi Nota aliuliza kama na pua zao zitazibwa, maana vijana wa siku hizi wanapaka manukato. Mizani hakucheka. Kwenye mambo ya haki hakuwa na utani.

Mwaka huo binti yake alifikia umri wa kushindana.

Mtu mwingine angejitoa kwenye ujaji, habari ikaishia hapo. Mizani aliliwaza jambo hilo juma zima, akaona kwamba kujitoa ni kukiri kuwa anaweza kupinda. Aliamua kubaki. Akaacha kumfundisha binti yake kabisa, akamwambia asiimbe tena ndani ya nyumba hadi shindano lipite, ili sikio la jaji libaki safi. Binti alimtazama, akasema, "Sawa, Baba," na tangu siku hiyo akawa anatoka kila alasiri na kurudi jioni. Mizani hakuuliza anakwenda wapi. Alijipongeza kwa kutouliza.

Kumbe binti alikuwa akienda kwa shangazi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mizani, mwanamke mwenye kicheko kirefu, ambaye katika ujana wake aliimba hotelini, watu wakila na vijiko vikigonga sahani. Mizani aliuita uimbaji huo uimbaji wa kuuzia soda. Ndugu hao walisalimiana misibani na kwenye sherehe, basi.

Sasa, kuna jambo moja la kazi hii ambalo msomaji anapaswa kulijua. Mwimbaji hutambulikana kwa pumzi yake kabla hajatoa sauti. Mizani alikuwa na namna yake ya kufundisha pumzi: kabla ya nota ya juu, mwanafunzi avute hewa kwa pua, mkupuo mmoja mfupi unaosikika kidogo, kama mtu aliyenusa kitu kinachoungua jikoni. Walimu wengine waliicheka. Wanafunzi wake wengi waliiacha wakishamaliza shule. Binti yake alikuwa nayo tangu utotoni, na wote waliowahi kumsikia waliiita pumzi ya nyumbani kwa Mizani.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Pazia lilikuwa mahali pake, majaji wakakaa nyuma ya meza yao, msimamizi akaanza kusoma namba. Wote waliimba wimbo mmoja wa lazima, ule wenye nota ndefu ya juu karibu na mwisho. Kijana wa kwanza aliifikia akiwa hoi. Wa pili aliipita bila kuiona. Waliofuata walikuwa wa kawaida, na mhadhiri alikuwa amekwisha fumba macho.

Kisha ikaja sauti ya msichana, changa na yenye joto. Alipokaribia nota ile ndefu, kabla tu hajaipanda, ikasikika pumzi ya pua. Mkupuo mmoja.

Mizani aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake. Bibi Nota alimtupia jicho. Hata mhadhiri alifumbua.

Tangu asubuhi Mizani alikuwa ameingoja pumzi hiyo, na anayengoja pumzi hasikii sauti. Hakujiuliza kama kweli hiyo ndiyo sauti ya mwanawe. Alikuwa na miezi hajaisikia, na alijua sauti za vijana hubadilika. Alisikia kwamba nota imepandwa vizuri, imekaa, imeshuka bila kutikisika. Alisikia pia, ndani ya kichwa chake, mji mzima ukisema: haya, leo tumwone Mizani. Akainama kwenye kipaza sauti cha majaji, akasema kwa sauti kavu kwamba sauti ipo lakini mwimbaji anaitegemea mno, kwamba nota ya juu imefikiwa kwa bahati, na kwamba kijana aende akajifunze unyenyekevu. Akaandika alama ambazo hupewa mtu aliyekuja kujaribu. Alijiona kama wale watu wa zamani waliotoa vilivyo vyao kwa ajili ya haki, wala hakujiuliza kwa nini haki hiyo ilikuwa tamu hivyo kinywani.

Baada ya wawili wengine ikaja sauti nyingine ya msichana. Hii haikuwa na pumzi yoyote ya kusikika. Iliingia ukumbini bila kugonga mlango, kama mtu wa nyumbani, ikaiendea nota ile ndefu taratibu na kuikalia. Watu waliacha kujipepea. Mizani, mzigo wake ukiwa umekwisha kumtoka, alisikiliza kwa moyo mweupe, akaguswa hadi machoni. Alisema amekuwa jaji wa uimbaji kwa miaka mingi na hajasikia kijana akiimba kwa ukweli namna hii. Akaongeza, "Aliyekufundisha anaijua kazi yake. Mpelekee salamu zangu."

Kutoka viti vya nyuma kikasikika kicheko kirefu cha mwanamke, kikakatwa ghafla. Mizani alikunja uso. Alichukia watu wanaocheka kwenye mashindano.

Majaji walipoingia chumba cha nyuma kujumlisha alama, chai ilikuwa imeandaliwa. Mhadhiri alijumlisha, akajumlisha tena, kisha akatabasamu. Yule msichana wa pumzi alikuwa wa kwanza, akimzidi kidogo yule wa sauti tulivu.

Mizani alishangaa. Kwa alama alizompa yeye, isingewezekana.

Bibi Nota alikoroga chai yake bila haraka. "Mwenyekiti, sisi si viziwi. Wewe ulijikaza kiume, tukaona. Lakini mtoto asiponzwe na msimamo wa baba yake. Tulimwongezea kidogo, tukufidie."

"Mlimwongezea nani?"

"Usitufanye watoto. Pumzi ile ni ya nyumbani kwako."

Mizani alisimama. Hapo alitoa hotuba ambayo mhadhiri aliikumbuka kwa muda mrefu, kwa kuwa aliisikiliza akiwa macho. Aliwaambia kwamba upendeleo ni upendeleo hata ukivikwa nguo ya huruma. Aliwaambia kwamba nyuma ya pazia wameketi watoto wasio na baba wa kuogopwa na majaji, na kila alama ya bure anayopewa mmoja imeibwa mfukoni mwa mwingine. Alisema kwa namna hii ndivyo nchi huoza, kuanzia kwenye chai kama hii. Kila neno lilikuwa la haki. Mimi mwenyewe nisingeondoa hata moja. Wale wawili waliinamisha vichwa. Bibi Nota, aliyewahi kuwatoa machozi walimu wazima, alifuta alama alizoongeza. Mhadhiri naye akafuta zake. Walipojumlisha upya, msichana wa pumzi alishuka hadi nafasi ya pili na yule wa sauti tulivu akapanda.

Alama za Mizani hazikuguswa. Wao walikuwa wameongeza, na kuongeza ni kosa. Yeye alikuwa amepunguza, na haikumwingia akilini hata kidogo kwamba anayeegemeza mkono kwenye mizani huipindisha, awe ameegemea upande wake au upande wa jirani.

Pazia likafunguliwa. Msimamizi aliita wa tatu, makofi yakapigwa. Akaita wa pili, na kutoka kwenye foleni akajitokeza msichana mrefu aliyevaa gauni lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mizani alimtazama kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta ukuta. Alikuwa mtoto wa dobi, mjane aliyefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mji. Aliwahi kukaa mstari wa nyuma katika darasa la Mizani la Jumamosi, msichana asiyesema, hadi mama yake alipohitaji mikono zaidi akaacha kuja. Pumzi aliondoka nayo. Labda ilikuwa ndicho kitu pekee alichowahi kupewa na mwalimu mkubwa, akakitunza.

Kisha akaitwa wa kwanza, akatoka binti yake.

Makofi yalikuwa yale ya mikono isiyokutana vizuri. Mtu mmoja wa safu ya mbele alimwambia jirani yake, bila kujisumbua kushusha sauti, "Kumbe na Mizani ana jiwe chini ya sahani ya kupimia." Jirani akajibu kwamba ndiyo maana alitundika pazia, watu wasione mkono. Wakacheka.

Mgeni rasmi akasimama kuhutubia kabla ya kutoa zawadi. Alikuwa na karatasi nyingi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shindano lile jambo hilo likawa na faida. Mizani alipenya mlango wa pembeni hadi kwenye ujia ulio nyuma ya jukwaa. Binti yake alikuwa ameshuka jukwaani hotuba ikiendelea, yuko na shangazi yake, ambaye alikuwa bado akifuta machozi ya kicheko.

"Mdogo wangu," shangazi alisema, "umri wote huu hujanisifu. Leo umenisifu mbele ya ukumbi mzima. Nimekusamehe na ile ya soda."

"Dada, sikujua kama ni wewe."

"Ndiyo maana ulisema kweli."

Mizani alimgeukia binti yake, akamweleza: ile pumzi, alichodhani, alama alizoandika, hotuba aliyoitoa kwenye chai. Alianza kwa kueleza msimamo wake na sababu zake, sababu zikawa nyingi, hadi binti akamkata.

"Yule mwenzangu, kama hungedhani ni mimi, ungempa ngapi?"

Mizani akamtajia, pamoja na jumla zao wote wawili. Alikuwa anajua, sikio lake halikuwa na kosa, kosa lilikuwa juu zaidi ya sikio. Binti alizijumlisha kichwani, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwalimu, na uso ukamshuka. Kwa alama za haki mtoto wa dobi alikuwa mbele yake, kidogo tu, lakini mbele. Nafasi ilikuwa moja.

Upande wa pili wa ukuta mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye umuhimu wa vijana. Shangazi alimshika mpwa wake bega.

"Mpe," binti alisema mwishowe. "Sijui kama namwonea huruma yeye au nakukomoa wewe, Baba, ila mpe. Lakini usiende kule ukawaambia habari za msimamo. Ukisema hivyo watakupigia makofi, utatoka mshindi wewe. Waambie ulimnyima mtoto wa mtu haki yake. Uishie hapo."

Lilikuwa sharti gumu kuliko alivyofikiri. Mizani alipanda jukwaani mgeni rasmi alipomaliza, akaomba kusema. Maneno ya kwanza yaliyomjia yalikuwa yale aliyoyazoea, kwamba katika maisha yake hajawahi kumpendelea mtu. Aliyaanza, akaona watu wakiketi sawa kumsikiliza kwa heshima, akayaacha katikati. Akasema kwamba msichana wa pili ndiye wa kwanza. Akasema kwamba alimpunguzia alama kwa makusudi, na kumtolea maneno makali asiyostahili, kwa kuwa alidhani ni mtoto wake. Akamwomba radhi yeye na mama yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Nota alikuwa akitazama kucha zake. Msichana wa gauni la pasi alibaki amesimama kwenye nafasi yake ya pili, akimtazama mama yake aone kama inafaa kufurahi.

Dobi alisimama kwenye safu yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni, naye hakuwa na haraka.

"Nimekusikia, Mwalimu. Nami nashukuru umesema. Ila nina swali. Angekuwa kweli ni mwanao, ungemwacha hivyohivyo?"

Mizani alitafuta jibu lenye heshima. Jibu la kweli lilikuwa moja, naye alikuwa mtu wa kweli, jambo ambalo siku hiyo halikumsaidia chochote.

"Ningemwacha, mama."

"Na ungelala usingizi."

"Ningelala."

"Basi na mwanao muombe radhi," dobi akasema, akaketi, akamfanyia mwanawe ishara kwamba sasa anaweza kufurahi.

Mizani alishuka kwa ngazi za nyuma. Binti yake alikuwa amesimama palepale ujiani, ameegemea ukuta, macho yamemvimba. Shangazi alikuwa amekwenda kuwatafutia usafiri. Mizani alisimama mbele ya mwanawe, mtu aliyefundisha mamia ya watu kufungua vinywa, akajitahidi kufungua cha kwake.

"Mwanangu," alisema, "ungeimba wewe kwa pumzi ile niliyokufundisha, ningekunyang'anya nafasi yako."

"Najua, Baba," binti alijibu. "Kwani ulidhani nilikwenda kwa shangazi kufanya nini?"